Huyo Mbwa ni Mbegu Gani?

Mtu akiokota mbwa mtaani, akamwogesha, akamtoa kupe na kumtengea ugali na dagaa, hazipiti siku tatu kabla jirani hajachungulia getini na kuuliza, "Huyo mbegu gani?" Mwenye mbwa hata hajafungua kinywa, majibu yamekwisha kumiminika. Masikio yamesimama, basi humo mna German Shepherd. Kifua kipana, huyo baba yake ni Rottweiler. Ulimi una doa jeusi, hiyo ni damu ya Chow Chow kutoka China. Lakini kama mkia umejikunja, manyoya ni mafupi ya rangi ya udongo na tumbo limeingia ndani, mjadala huisha ghafla: "Aa, huyo koko tu."

Hakuna jibu hata moja kati ya hayo lenye msingi imara. Doa jeusi la ulimi huonekana kwa mbwa wa mbegu nyingi na halithibitishi lolote kuhusu Chow Chow. Masikio yaliyosimama wanayo mbwa wa karibu kila pembe ya dunia. Na neno "koko", linalotamkwa kana kwamba ni kukosa ukoo, ndilo lililo mbali na ukweli kuliko yote.

Mchezo huu wa kukisia hauna madhara ukichezwa barazani. Madhara huanza pale kisio linapoandikwa kwenye karatasi. Nchini Marekani, mbwa aliyeokotwa hupelekwa kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama, na fomu ya kumpokea ina nafasi ya kujaza mbegu. Mfanyakazi humtazama mbwa mara moja, hukumbuka picha alizowahi kuona, kisha huandika: "chotara wa Labrador", "chotara wa Pit Bull". Kuanzia dakika hiyo kisio huwa kitambulisho. Hubandikwa mlangoni mwa kizimba, huingia kwenye faili la daktari na mkataba wa nyumba ya kupanga, na wakati mwingine hufika hadi mahakamani.

Victoria Voith, daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia za wanyama katika Western University of Health Sciences huko Pomona, California, alitaka kujua kisio hilo lina uzito gani. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa 20 waliokuwa wamechukuliwa kutoka vituo mbalimbali. Walilinganisha mbegu zilizoandikwa na vituo na majibu ya kipimo cha vinasaba. Kwa wengi wa mbwa hao, karatasi na damu zilisema mambo tofauti.

Huenda wafanyakazi wa vituo hawakuwa na ujuzi wa kutosha? Voith alirudi tena, safari hii na watu wanaoishi kwa kazi ya mbwa: madaktari wa mifugo, wakufunzi, wafugaji, wafanyakazi wa vituo, zaidi ya 900. Aliwaonyesha video za mbwa 20, kila moja ya dakika moja. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kwa mbwa 14 kati ya 20, hata nusu ya wataalamu hao haikuweza kutaja mbegu iliyokuwamo kweli. Ni kwa mbwa saba tu ambapo zaidi ya nusu walikubaliana kuhusu mbegu kuu, na katika hao saba, watatu walikubaliwa kwa makosa: kipimo hakikuafiki kile walichokisema wengi wao.

Kwa nini macho ya watu wenye uzoefu yapotoke kiasi hicho? Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana nusu karne kabla, katika maabara iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine. Huko Jackson Laboratory, John Paul Scott na John Fuller walizalisha mbwa kwa miaka mingi ili kuelewa urithi wa tabia, na kitabu chao kikatoka mwaka 1965. Jozi yao mashuhuri ilikuwa Basenji na Cocker Spaniel. Basenji ni mbwa wa Kongo: masikio yamesimama, manyoya mafupi, mkia umejipinda juu ya mgongo. Cocker Spaniel ni mbwa wa Kiingereza mwenye masikio marefu yanayoning'inia na manyoya yanayotiririka. Kizazi cha kwanza kilikuwa tayari na sura yake. Watoto hao walipozalishwa wao kwa wao, wajukuu walitoka kila mmoja na lake, na baadhi yao hawakufanana na babu wala bibi. Ukiwapanga mstari mmoja uwanjani, ungeapa kwamba wametoka kwa mbegu sita tofauti, wala usingemtaja Basenji wala Cocker.

Sayansi ya miaka ya karibuni imeeleza jambo hilo kwa undani. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, na jeni zake ni maelfu kwa maelfu. Lakini zile zinazotawala yale tunayoyaona kwa macho ni chache mno. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbegu za mbwa: marefu au mafupi, yaliyonyooka au ya mawimbi, yenye ndevu usoni au yasiyo nazo. Mwaka huohuo iligundulika kwamba miguu mifupi ya mbwa kama Dachshund inatokana na nakala moja ya ziada ya jeni. Na miaka miwili kabla, jeni iitwayo IGF1 ilikuwa imebainika kuwa na mkono mkubwa katika udogo wa umbo.

Maana yake kwa mbwa aliyeokotwa ni hii. Manyoya mafupi huyafunika marefu, kwa hiyo mbwa anaweza kuwa na mzazi mwenye manyoya ya kufika chini na yeye asionyeshe hata unywele mmoja wa kumsaliti. Mbwa mwenye miguu mifupi anaweza kuwa amerithi kutoka kwa Dachshund kipande hicho kimoja, huku sehemu yote iliyobaki ya urithi wake ikiwa imetoka kwingine kabisa. Urithi hugawanywa kama karata: kila mtoto hupata nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, lakini nusu ya huyu si ile ya ndugu yake. Tena jike mmoja akipandwa na madume wawili katika kipindi kimoja cha joto, watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Jirani anayesema "haiwezekani hawa wakawa ndugu" anastahili kusamehewa.

Hapa ndipo makampuni yalipoona biashara. Mwaka 2004 kundi la watafiti waliofanya kazi na Elaine Ostrander lilionyesha kwamba kwa kusoma alama za vinasaba unaweza kumtambua mbwa wa mbegu halisi kwa usahihi wa asilimia 99. Mwaka uliofuata jenomu kamili ya mbwa ilichapishwa, ikiwa imesomwa kutoka kwa jike wa aina ya Boxer aliyeitwa Tasha. Muda si mrefu vipimo vya nyumbani vikaingia sokoni: unasugua pamba ndani ya shavu la mbwa, unaituma kwa posta, na baada ya wiki chache unapata orodha ya mbegu na asilimia zake. Bei yake ni karibu dola 100, pesa inayotosha kumlisha na kumchanja mbwa wa kawaida wa Morogoro au Nakuru kwa muda mrefu.

Si kwamba vipimo hivyo havina faida. Ni vipimo hivyo vilivyofichua gharama ya kukisia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vituo vinne vya jimbo la Florida, ukihusisha mbwa 120. Wafanyakazi 16 wa vituo hivyo waliombwa kutaja mbegu. Mbwa 62 walipachikwa jina la Pit Bull au chotara wake. Kipimo kilikuta damu ya mbegu hizo kwa mbwa 25.

Katika nchi nyingine hilo lingekuwa kosa dogo la kiofisi. Huko Pit Bull ni jina zito. Lisa Gunter na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mbwa aliyeandikwa Pit Bull hukaa kituoni zaidi ya mara tatu ya muda wa mbwa anayefanana naye lakini aliyeandikwa jina jingine, kabla ya kupata wa kumchukua. Sura ileile, kifua kilekile, karatasi tofauti. Na kituo kilipoacha kuandika mbegu kwenye kadi, mbwa wengi zaidi waliondoka na familia. Watu waliwatazama mbwa wenyewe.

Kisa cha Lennox wa Belfast ndicho kinachouma zaidi. Alikuwa mbwa wa familia. Wenyewe walisema ni mchanganyiko wa American Bulldog na Labrador. Mwezi Mei 2010 maofisa wa baraza la jiji walimchukua kwa kuwa umbo lake lililingana na vipimo vya Pit Bull, aina iliyopigwa marufuku huko. Familia ilikata rufaa kwa miaka miwili, watu wa nchi mbalimbali wakamtetea, na mwishowe mwezi Julai 2012 aliuawa kwa amri ya mahakama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari huangalia umbo. Haimuulizi mbwa wazazi wake, wala kipimo cha vinasaba hakimwokoi. Ndivyo ilivyo pia kwa XL Bully, aliyeongezwa kwenye orodha ya England na Wales: tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kummiliki bila cheti cha msamaha, na miongoni mwa sifa za kumtambua ni kimo cha kuanzia sentimeta 51 kwa dume na 48 kwa jike, pamoja na upana wa kichwa na kifua. Chotara anayefikia sifa hizo anahesabiwa, hata kama mzazi wake hakuwahi kuitwa hivyo.

Watetezi wa sheria za namna hii husema mbegu hubeba tabia, na wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu kuna watu walioumizwa na kuuawa na mbwa. Lakini hata dai hilo limepimwa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao. Walikusanya majibu ya wenye mbwa 18,385, na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Mbegu ilieleza takriban asilimia tisa tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yako mambo yanayorithiwa, kama wepesi wa kutii maelekezo ya binadamu. Ukali haukuweza kusomwa kwenye jina la mbegu. Mbwa mwenye hasira umjue kwa kumwona anavyoishi na watu, anavyofungwa, anavyolishwa na anavyopigwa.

Mpaka hapa habari ni ya Marekani na Uingereza, ambako mbwa wengi wa kuokotwa kweli ni watoto na wajukuu wa mbegu zenye majina. Je, huku kwetu?

Mwaka 2009 Adam Boyko, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha pamoja na wenzake utafiti wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Hawakuwa mbwa wa maonyesho. Walikuwa wale wanaolala chini ya ghala, wanaofuata watoto kisimani, wanaokula wanachotupiwa. Kama "koko" lingekuwa na maana ile tunayoipa, damu yao ingeonyesha mabaki ya German Shepherd na Labrador yaliyovurugana. Wengi wao hawakuwa hivyo. Walikuwa kizazi cha mbwa walioingia Afrika zamani sana, wakaishi na watu wa bara hili bila mtu kuwachagulia mchumba. Mchanganyiko na mbwa wa kigeni ulionekana zaidi mahali ambapo walowezi wa Kizungu walikaa kwa wingi, kama katikati ya Namibia. Utafiti huo ulitoa jambo jingine la kushangaza: Ridgeback, mbwa maarufu wa kusini mwa Afrika aliyeandikiwa sifa zake rasmi huko Bulawayo mwaka 1922, alikutwa na asili ya nje ya Afrika zaidi kuliko ya Kiafrika. Basenji ndiye aliyekaa upande mmoja na mbwa wa vijijini.

Basi mbwa wa kahawia aliyejilaza kwenye kivuli cha kibanda cha mama ntilie, mwenye uzito wa mbuzi mdogo, kifua chembamba na mkia uliopinda, yumkini hana cha kukisiwa. Hakuchanganywa kutoka kwa mbegu za Ulaya. Nyingi za mbegu hizo ni changa mno kuwa babu zake: maonyesho ya kwanza ya mbwa huko Uingereza yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na chama cha kuziandikisha kikaundwa London mwaka 1873. Mbwa wa Kiafrika walikuwapo maelfu ya miaka kabla. Hata makampuni ya vipimo yalilazimika kujifunza hilo. Kipimo hulinganisha mbwa na orodha iliyomo kwenye kompyuta. Kama orodha ina mbegu za Ulaya pekee, mbwa wa Masaka atapewa vipande vya mbegu za Ulaya, kwa kuwa hakuna jibu jingine la kumpa. Embark, kampuni aliyoianzisha Boyko na ndugu yake mwaka 2015, iliweka kundi la mbwa wa vijijini kama jibu kamili linalojitegemea.

Mijini mambo huchanganyika. German Shepherd waliingia na ukoloni, wakabaki na makampuni ya ulinzi na nyumba zenye kuta ndefu. Chotara wao wapo Nairobi, wapo Dar es Salaam, na baadhi ya majirani wanaokisia hupata bahati. Lakini mtu asianze na dhana kwamba kila mbwa asiye na cheti ni makombo ya mbwa wenye vyeti.

Na hapa lugha yetu yenyewe ina kesi ya kujibu. Wazungu walipowaona mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo, waliobebeshwa na wawindaji kengele za mbao shingoni kwa sababu hawabweki ovyo, waliwachukua. Mwaka 1937 wakaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Crufts mjini London. Walipewa jina la Basenji, lililotokana na namna watu wa huko walivyowaita kwa Kilingala, mbwa wa "basenji", neno ambalo msomaji wa Kiswahili halimpi shida: ni lilelile la washenzi. Walichokuwa wakiitwa kwa dharau kijijini kikawa jina la heshima kwenye hati za ukoo. Miaka ya 1987 na 1988 Wamarekani walifunga safari hadi Zaire kutafuta Basenji wengine ili kuongeza damu mpya, kwani waliokuwa nao walikuwa wametokana na mbwa wachache mno na magonjwa ya kurithi yalikuwa yakiwasumbua. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilifungua daftari lake kuwapokea wageni hao. Mbwa wa kijiji cha Kongo wakavuka bahari kwenda kuwaokoa jamaa zao wenye vyeti. Huku nyumbani, ndugu zao wanaendelea kupigwa mawe na kuitwa mbwa koko, mbwa mshenzi.

Dharau hiyo inaonekana waziwazi pale ambapo mtu anataka mbwa. Wapo wanaokopa fedha kununua mtoto wa mbwa "wa mbegu" anayeuzwa kando ya barabara, mwenye karatasi isiyojulikana ilipotoka, aliyetenganishwa na mama yake kabla ya wakati. Baada ya miezi sita masikio hayasimami na mnunuzi hulalamika kwamba ametapeliwa. Wakati huohuo vituo kama kile cha chama cha kutetea wanyama cha Kenya, KSPCA, jijini Nairobi, vina mbwa waliookotwa, wengi wao wa kienyeji. Manyoya yao mafupi yanafaa joto, na wametokana na wazazi walioishi kwenye mazingira hayahaya.

Anayemchukua mbwa wa namna hiyo anahitaji kujua mambo machache ambayo mbegu haiwezi kumwambia. Apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe uzito, apewe dawa ya minyoo na ahasiwe. Atazamwe anavyokaa na watoto, na kuku, na wageni, kwa wiki kadhaa. Zaidi ya yote achanjwe kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa ugonjwa huo huupata kutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Katika asilimia hizo 70, mbwa wa kijijini wa Serengeti na Rottweiler wa Masaki wanahesabiwa sawa.

Kadi ya chanjo ina nafasi ya kujaza mbegu. Daktari akiuliza aandike nini na wewe hujui wazazi wa mbwa wako, usimkisie Mjerumani wala Mwingereza. Mwambie aandike "mbwa wa kienyeji", kisha soma mstari unaofuata uhakikishe tarehe ya chanjo ijayo imejazwa.